Mnyoo bapa aliyetumwa kumla konokono wa pwani yetu

KONOKONO mkubwa wa rangi ya kahawia, yule ambaye wakazi wa Pwani humwona akipanda migomba na kuta za nyumba baada ya mvua ya usiku, ni msafiri wa siku nyingi. Asili yake ni ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki, lakini leo hii anaishi India, Brazil, jimbo la Florida nchini Marekani na katika visiwa vingi vya Bahari ya Pasifiki. Huko ng'ambo amehesabiwa miongoni mwa maadui wakubwa wa wakulima.

Kisichojulikana na wengi ni kwamba nyuma yake alitumwa askari. Askari huyo ni mnyoo mwembamba asiyezidi urefu wa kidole cha mtu mzima. Hana meno wala makucha, na mtu akimkanyaga hahisi kitu. Alitumwa na binadamu, kwa nia njema, amle konokono wa Afrika. Alimla kweli. Kisha akawageukia konokono wengine ambao hawakuwa wamemkosea mtu, na ambao baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Jina la kisayansi la mnyoo huyo ni Platydemus manokwari. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilipotoa orodha ya viumbe vamizi 100 walio hatari zaidi ulimwenguni, yeye alitiwa humo, na ndiye mnyoo bapa wa pekee aliyepata nafasi hiyo. Konokono wetu naye yumo katika orodha iyo hiyo. Mwindaji na windo lake wamekutana kwenye karatasi moja ya mashtaka.

Neno "mnyoo" laweza kumpotosha msomaji, kwa kuwa katika lugha yetu tunalitumia kwa viumbe wasiokaribiana hata kidogo. Nyungunyungu wa shambani ana mwili wa pingili, ana damu, na utumbo wake huanzia kinywani hadi mkunduni. Mnyoo bapa hana hata kimoja kati ya hivyo. Wataalamu wamemweka katika faila nyingine kabisa, yaani tabaka kuu la uainishaji linalofuata himaya ya wanyama. Faila hiyo huitwa Platyhelminthes, na jamaa zake wanaojulikana sana humu nchini ni wale wa sifa mbaya: tegu anayeishi tumboni, mnyoo wa ini anayewasumbua ng'ombe na kondoo, na yule anayeleta kichocho.

Hata hivyo, wengi wa minyoo bapa hawamtegemei mnyama mwingine kwa makao. Wako wanaoishi baharini, wako wa mitoni na kwenye madimbwi, na liko kundi moja lililohamia nchi kavu. Hawa wa nchi kavu ndio tunaowazungumzia hapa. Spishi zao zilizokwisha kuandikwa ni takriban 900, na kila mwaka huongezeka nyingine.

Mwili wa mnyoo huyu ni ajabu ya kubana matumizi. Hana mapafu, hana moyo, hana mishipa ya damu. Hewa hupenya moja kwa moja kwenye ngozi na kuzifikia seli zake, na ndiyo sababu umbo lake ni bapa: laiti angekuwa mnene kama nyungunyungu, hewa isingefika ndani. Kinywa chake hakiko kichwani bali katikati ya tumbo, upande wa chini, na hicho hicho kinywa ndicho hutumika kutolea uchafu kwa vile mkundu hana. Utumbo umegawanyika matawi matatu, moja likielekea mbele na mawili yakirudi nyuma. Oda nzima anamowekwa imepewa jina kutokana na matawi hayo matatu, Tricladida.

Platydemus manokwari aliyekomaa huwa na urefu wa milimita 40 hadi 65 na upana wa milimita chache tu. Mgongo wake ni wa rangi ya zeituni iliyokolea hadi karibu nyeusi, na juu yake umepita mstari mmoja mwembamba wa rangi hafifu kuanzia kichwani hadi mkiani. Tumbo ni la kijivu. Kichwa kimechongoka, na nyuma kidogo ya ncha yake yapo macho mawili madogo meusi, ambayo hutambua mwanga na giza lakini hayaoni sura ya kitu. Mstari huo mmoja mgongoni, ncha hiyo kali na macho hayo mawili ndizo alama ambazo mkaguzi wa mimea hufunzwa kuzitafuta.

Kwa kuwa ngozi yake haina kinga dhidi ya ukavu, maisha yake yote ni vita vya kutafuta unyevu. Mchana hujificha chini ya mawe, magogo, majani yaliyooza na vyungu vya maua. Usiku, au mvua inaponyesha, hutoka. Huteleza juu ya utando wa ute anaoutoa mwenyewe, akisukumwa na vinywele vidogo vya tumboni visivyoonekana kwa macho matupu. Ukimweka juani kwenye sakafu ya saruji, hatachukua muda mrefu kabla ya kukauka. Lakini ukimweka ndani ya chungu cha maua chenye udongo uliolowa, kisha ukakipakia chungu hicho melini, ataufika upande wa pili wa dunia akiwa na afya njema.

Konokono anapopita huacha njia ya ute, na mnyoo huyu huifuata njia hiyo kama mbwa anayefuata harufu. Watafiti wa Japani wamethibitisha kwamba huweza kuufuata ute huo hata juu ya miti. Akimfikia konokono humpanda, hutoa koromeo lake kupitia kile kinywa cha tumboni, mrija mweupe unaonyooka, kisha huutumbukiza ndani ya gamba. Mrija huo humwaga maji ya kuyeyushia chakula, na nyama iliyolainika hufyonzwa. Minyoo wengine huvutiwa na windo lililokwisha jeruhiwa, nao hukusanyika, hivyo hata konokono mkubwa mara nyingi kuwashinda hulemewa. Kinachobaki ni gamba tupu, safi, lisilo na tundu wala ufa. Mtu asiyejua angedhani konokono huyo alikufa kifo chake mwenyewe.

Konokono si chakula chake cha pekee. Hula pia nyungunyungu, konokono wasio na gamba, hata minyoo bapa wenzake. Akikosa windo, mwili wake husinyaa pole pole kwa kujila akiba, na akipata chakula hurudia ukubwa wake.

Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, yaani ni huntha. Baada ya kujamiiana hutaga kifuko kidogo cha mviringo, ambacho hutoa watoto kati ya 3 na 9 baada ya siku chache tu. Isitoshe, mnyoo aliyekatika vipande haishii hapo. Kipande cha kichwa huota mkia, na kipande cha mkia huota kichwa.

Jambo hili la kuota upya lilimshangaza hata kijana Charles Darwin alipokuwa akizunguka dunia katika meli ya Beagle. Alikusanya minyoo bapa ya nchi kavu katika sehemu mbalimbali za kusini mwa dunia, na baadhi aliowapata Tasmania aliwaweka hai kwa karibu miezi miwili. Mmoja alimkata sehemu mbili, na baada ya majuma mawili kila sehemu ilikuwa imepata umbo la mnyama kamili. Mwaka wa 1844 alichapisha maelezo ya spishi alizozipata. Alikosea jambo moja tu: kwa vile aliwakuta kwenye magogo yaliyooza, aliwalisha miti iliyooza akidhani ndiyo riziki yao. Kumbe walikuwa wawindaji waliokuwa wakivumilia njaa. Mwandishi wa makala haya hupata faraja kidogo kujua kwamba hata Darwin alihitaji mhariri.

Kosa hilo si dogo kama linavyoonekana, maana latuonyesha tatizo kuu la viumbe hawa tangu walipoanza kuchunguzwa. Ni rahisi kumwona mnyoo bapa, ni vigumu kujua ni yupi hasa na anakula nini. Mtaalamu wa kwanza kumwandika mmoja wao, Otto Friedrich Müller wa Denmark, alimwita Fasciola terrestris mwaka wa 1774, akamweka katika jenasi moja na mnyoo wa ini wa kondoo. Jina hilo lilibadilishwa baadaye, naye siku hizi huitwa Microplana terrestris.

Kisa cha mwaka wa 1878 kinaeleza mengi zaidi. Henry Moseley, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa amesafiri na meli ya utafiti ya Challenger, alieleza spishi mpya ya mnyoo mrefu, mwenye kichwa kilichotanuka mithili ya shoka na mistari myeusi mgongoni. Hakuipata msituni. Ilipatikana katika kivungulio cha mimea ya joto huko Kew, bustani mashuhuri iliyo London, na kwa sababu hiyo akaiita Bipalium kewense. Kwa maneno mengine, mnyama wa kitropiki alipewa jina la kitongoji cha Uingereza kwa kuwa hakuna aliyejua kwao ni wapi. Siku hizi wataalamu wanaamini asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia, upande wa Vietnam na Kambodia. Aliingia Kew kama wanavyoingia wote, ndani ya udongo wa mimea.

Mnyoo huyo wa Kew ana jambo jingine la kumfanya mtu ajihadhari. Mwaka wa 2014 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba yeye na jamaa yake mmoja wana sumu iitwayo tetrodotoksini, ile ile ambayo wavuvi wetu wanaijua kwa samaki bunju. Ilikuwa mara ya kwanza sumu hiyo kupatikana kwa mnyama wa nchi kavu asiye na uti wa mgongo.

Karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, Ludwig von Graff wa Austria alitoa kitabu kikubwa kilichokusanya minyoo bapa yote ya nchi kavu iliyojulikana. Kwa miaka mingi baadaye uainishaji ulifuata mambo yanayoonekana: umbo la kichwa na idadi ya macho. Wenye kichwa cha shoka walikuwa familia moja, wenye macho mawili familia ya pili, na wale wenye macho mengi yaliyotapakaa pembeni mwa mwili familia ya tatu.

Utaratibu huo ulivunjwa na jeni. Chembechembe za urithi ziliposomwa, ilidhihirika kwamba baadhi ya wenye macho mengi ni ndugu wa karibu wa wenye macho mawili, na kwamba kundi zima la nchi kavu lina nasaba na minyoo bapa fulani wa maji baridi. Mnamo 2009 familia hizo ziliunganishwa kuwa moja tu, Geoplanidae, yenye matawi ndani yake. Platydemus yumo katika tawi liitwalo Rhynchodeminae.

Kumtambua mmoja hadi kufikia spishi bado ni kazi ya subira. Rangi hudanganya. Ushahidi ulioaminika kwa zaidi ya miaka mia moja ni wa viungo vya uzazi, ambavyo havionekani mpaka mnyoo akatwe vipande vyembamba kuliko karatasi, vipakwe rangi na kutazamwa kwa hadubini, kimoja baada ya kingine. Sasa fikiria masaibu ya mtaalamu anayeletewa spishi ambayo huzaana kwa kukatika tu na haioti viungo hivyo. Ndiyo maana wameunda hata jenasi ya kungojea, Diversibipalium, wanamowekwa wenye kichwa cha shoka ambao viungo vyao vya uzazi havijajulikana.

Mfano ambao Wakenya watausikia kwa masikio mawili ni wa mnyoo wa Amerika Kusini aliyetapakaa Ulaya katika miaka ya hivi karibuni. Jenasi yake huitwa Obama. Jina hilo halihusiani na Rais wa zamani wa Marekani wala na kijiji cha Kogelo. Limetokana na maneno mawili ya Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazil, oba likiwa na maana ya jani na ma mnyama. Kwanza ilidhaniwa kwamba aliyeingia Ulaya ni spishi iliyokwisha kuandikwa, Obama marmorata. Mwaka wa 2016 viungo na jeni vikaonyesha kuwa ni nyingine, ikaitwa Obama nungara, neno hilo la mwisho likimaanisha "anayefanana". Kufikia 2020 alikuwa ameonekana katika wilaya 72 kati ya 96 za Ufaransa bara. Jeni zilionyesha kwamba waliovamia walitoka Argentina, jambo ambalo jina la awali lisingeweza kulifichua.

Turudi sasa kwa konokono wetu. Mwaka wa 1847, William Benson, Mwingereza aliyependa kukusanya makombe, aliwachukua kutoka Mauritius ambako walikuwa wamefika zamani, akawapeleka Calcutta. Kutoka huko wakaenea Asia. Wajapani waliwachukua hadi visiwa vya Pasifiki kabla ya Vita Vikuu vya Pili, kwa ajili ya kitoweo. Konokono huyu hutaga mamia ya mayai na hula karibu kila kitu kimeacho, na vita vilipokwisha visiwa vingi vilikuwa vimefurika.

Waliokabidhiwa kazi ya kumwangamiza waliamini kwamba dawa ya moto ni moto. Walikuja hadi kwetu kutafuta maadui wa asili wa konokono huyu. Mmoja wa waliochukuliwa ni konokono mdogo mla nyama aliyepewa jina kutokana na Kibwezi, Gonaxis kibweziensis, ambaye alipelekwa katika Visiwa vya Mariana mwaka wa 1950. Hakufua dafu. Aliyefuata alitoka Florida, konokono mkali aitwaye Euglandina rosea. Alipelekwa Tahiti mwaka wa 1974 na kisiwa jirani cha Moorea mwaka wa 1977. Badala ya kumshughulikia konokono wa Afrika, aliwashambulia konokono wadogo wa mitini wa jenasi Partula, ambao kila kisiwa, na pengine kila bonde, lilikuwa na wake. Miaka kumi baadaye, Moorea haikuwa imebakiwa na Partula yeyote msituni. Walionusurika ni wale waliokuwa wamechukuliwa na watafiti na kufugwa katika maabara na mabustani ya wanyama.

Somo hilo lilikuwa linajiandika wazi wakati mnyoo bapa alipoingia jukwaani. Alikuwa amepewa jina mwaka wa 1963 na Mfaransa Paul de Beauchamp, kutokana na sampuli zilizopatikana Manokwari, mji wa magharibi mwa kisiwa cha New Guinea. Mnamo 1978 alionekana kisiwani Guam, na idadi ya konokono wa Afrika ikaanza kushuka. Habari hizo zilipokelewa kwa furaha. Mwaka wa 1981 alipelekwa kwa makusudi kisiwa cha Bugsuk, Ufilipino, na mwaka wa 1985 Maldives. Huko nako konokono wa Afrika walipungua, na kazi hiyo ikahesabiwa kuwa mafanikio. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha ni hili: je, mnyoo huyu hutofautisha konokono na konokono? Mwindaji anayemla mmoja tu ni silaha; anayewala wote ni maafa. Jibu lilitoka Guam kwenyewe, ambako watafiti waliona konokono wa mitini wa asili ya kisiwa wakiangamia, na mwaka wa 1992 wakamtaja mnyoo huyu kuwa miongoni mwa sababu kuu.

Ushahidi wenye takwimu ulitoka Ogasawara, visiwa vya Japani vilivyo kusini mwa Tokyo, ambavyo konokono wake wa kipekee ni sababu mojawapo ya kuorodheshwa kwake kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2011. Katika kisiwa cha Chichijima, Shinji Sugiura na wenzake waliweka konokono hai katika maeneo yaliyokuwa na mnyoo huyu. Baada ya siku 3 zaidi ya nusu walikuwa wameliwa. Baada ya siku 11 walikuwa wamebaki chini ya mmoja kati ya kila 10.

Kuanzia hapo hakuhitaji tena kubebwa na serikali. Biashara ya mimea ilimtosha. Mwaka wa 2013 alipatikana katika kivungulio cha bustani ya mimea mjini Caen, Ufaransa, na taarifa yake ilichapishwa mwaka uliofuata na Jean-Lou Justine wa Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Viumbe jijini Paris, pamoja na wenzake, akiwemo Leigh Winsor wa Australia. Mwaka wa 2015 kikundi hicho kilitangaza kwamba ameonekana pia Florida, Puerto Rico, Singapore na New Caledonia. Florida ndiko kituo cha kutisha zaidi, kwani kutoka huko mimea husafirishwa kila pembe ya bara la Amerika.

Hapo ndipo uainishaji wa kisasa ulipotoa habari ambayo jicho lisingeitoa. Jeni za minyoo hao zilipolinganishwa, wale wa Ufaransa, Florida, Puerto Rico, Singapore na visiwa kadhaa vya Pasifiki walikuwa na muundo mmoja, ilhali wa Australia walikuwa na mwingine. Visiwa vya Solomon ndivyo pekee vilivyokuwa na yote miwili. Yaani karibu wavamizi wote walitokana na ukoo mmoja uliobebwa kutoka bandari hadi bandari.

Liko pia suala la afya ya binadamu. Panya hubeba mnyoo wa mapafu aitwaye Angiostrongylus cantonensis, ambaye viluwiluwi wake hukua ndani ya konokono. Platydemus anayewala konokono hao huwahifadhi viluwiluwi hao mwilini, na watafiti wa Okinawa wamewakuta ndani yake. Mnyoo bapa mdogo akijificha katika majani ya kabeji inayoliwa mbichi bila kuoshwa vizuri, mlaji anaweza kupata aina ya homa ya uti wa mgongo inayotokana na viluwiluwi hao.

Baadhi ya wasomaji watauliza haya yote yanatuhusu nini, maana mnyoo alitumwa kwingine. Kwanza, hata sisi tuna minyoo bapa wetu, na si wavamizi. Mwaka wa 1990 wataalamu watatu walieleza spishi mpya kutoka Kenya, Microplana termitophaga, ambayo huvizia kwenye matundu ya vichuguu na kuwala mchwa. Msomaji akimkuta huyo hana sababu ya kumdhuru. Kumwua kila mnyoo bapa kwa sababu jamaa yake mmoja ni mhalifu ni kurudia kosa la kutotofautisha.

Pili, tuna konokono wa kupoteza. Misitu ya milima ya Taita na ya Pwani ina konokono wadogo ambao hawapo kwingine. Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Nairobi kabla ya kuhamia Kew, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuwaorodhesha konokono wa Afrika Mashariki, kazi aliyoifanya pembeni ya ajira yake. Wengi wao ni wadogo kuliko punje ya mchele, na hawana mtetezi wa kuwapigia kelele wakitoweka.

Tatu, mlango uko karibu. Mwaka wa 2022 Justine na wenzake walieleza spishi mpya yenye kichwa cha shoka kutoka Mayotte, kisiwa cha Komoro kilicho chini ya Ufaransa. Mgongo wake ni wa buluu iliyochanganyika na kijani na hung'aa. Wameiita Diversibipalium mayottensis, kwa kuwa viungo vyake vya uzazi havijaonekana, na iko katika jenasi ile ile ya kungojea. Kati ya Mayotte na Mombasa ni njia ya majahazi ya tangu jadi.

Nchini Kenya, jukumu la kukagua mimea inayoingia ni la Shirika la Kukagua Ubora wa Mimea, KEPHIS. Lakini mkaguzi hawezi kupekua kila chembe ya udongo, na njia iliyo salama zaidi ni mimea kuingia bila udongo kabisa. Kwa vyungu vilivyokwisha kuingia, majaribio ya Wajapani yameonyesha kwamba maji ya moto wa nyuzi 43 za Selsiasi kwa dakika 5 humuua Platydemus, ilhali mimea mingi huvumilia.

Mtu akikuta katika kitalu au bustani mnyoo bapa mwenye mstari mmoja hafifu mgongoni, au mwenye kichwa cha shoka, asimkate kwa panga wala jembe, maana atakuwa amewaongeza. Asimshike kwa mikono mitupu. Ampige picha akiwa hai, mgongoni na tumboni, kando yake pakiwa na sarafu ili ukubwa ujulikane, kwani rangi hupotea baada ya kifo. Kisha amtumbukize katika kichupa cha spiriti kali. Formalini isitumike, kwa sababu huharibu jeni na kuifanya kazi ya kumtambua iwe ngumu mara dufu. Kwenye karatasi itakayoingia ndani ya kichupa aandike kwa penseli mahali, tarehe na mmea aliokutwa naye, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka katika spiriti.